Madaraja ya Arusha: Nani mwenyewe?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KILA masika yanapoanza katika miteremko ya Mlima Meru, swali moja hurudi midomoni mwa wakazi wa Arusha: daraja hili ni la nani? Huulizwa pale kalavati linapoziba takataka na maji kufurika barabarani, au korongo lililokuwa kavu asubuhi linapogeuka mto jioni na kuwatenga watoto na shule yao. Huulizwa kwa uchungu zaidi pale maji yanapochukua uhai, kama ilivyotokea Aprili 2024, wakati gari la wanafunzi liliposombwa na maji ya korongo lililofurika jijini humo na watoto kufariki dunia.

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba daraja ni mali ya Serikali. Jibu hilo si la uongo, lakini halimsaidii mwananchi anayetaka kujua abishe hodi wapi. Serikali ina milango mingi, na katika Jiji la Arusha na wilaya zinazouzunguka Mlima Meru, madaraja mawili yanayovuka mto mmoja, umbali wa mita mia chache tu, yanaweza kuwa chini ya ofisi mbili tofauti zenye bajeti tofauti na wizara tofauti.

Makala haya yanaeleza jinsi umiliki na usimamizi huo ulivyogawanywa, fedha zinakotoka, na mahali ambapo mgawanyo huo huacha pengo.

Daraja hufuata barabara

Arusha haina handaki la barabara. Ina madaraja, makalavati na vivuko vya zege vilivyojengwa chini kabisa, ambavyo maji hupita juu yake wakati wa mvua. Sababu ni umbile la ardhi. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, ilhali katikati ya jiji ni takriban mita 1,400. Maji yanayoanguka juu ya mlima hushuka zaidi ya mita 3,000 katika umbali mfupi, yakipitia mito kama Themi, Naura, Burka na Kijenge ndani ya jiji, na Nduruma na Usa upande wa Arumeru. Barabara zinazotoka mashariki kwenda magharibi hazina budi kuivuka mito hiyo mmoja baada ya mwingine.

Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007 ndiyo inayotawala suala hili. Msingi wake ni rahisi: daraja si mali inayosimama peke yake. Ni sehemu ya barabara inayopita juu yake, na anayesimamia barabara ndiye anayesimamia daraja, kalavati na mifereji ya kando. Kwa hiyo, anayetaka kujua mwenye daraja aanze kwa kuuliza barabara hiyo ni ya daraja gani la kisheria.

Sheria inazigawa barabara za umma katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni barabara za kitaifa, yaani barabara kuu na barabara za mikoa. La pili ni barabara za wilaya, ambazo zimegawanyika katika barabara za mjazio, zinazounganisha maeneo makubwa ya wilaya au mji. Barabara za mlisho, zinazoingiza magari katika hizo za mjazio. Na barabara za jamii, zinazohudumia kijiji au mtaa.

Kundi la kwanza: TANROADS

Barabara za kitaifa zipo chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanza kazi mwaka 2000 chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi. Mtandao wake nchini unazidi kilomita 36,000. Mkoa wa Arusha, kama ilivyo mikoa mingine, una ofisi yake inayoongozwa na Meneja wa Mkoa.

Kwa mkazi wa Arusha, barabara hizo ni rahisi kuzitambua. Ni ile itokayo Moshi kupitia Usa River na Tengeru hadi Sakina, ile iendayo Namanga mpakani mwa Kenya, na ile ipitayo Kisongo kuelekea Makuyuni na Dodoma. Kipande cha Sakina hadi Tengeru, chenye urefu wa kilomita 14.1, kilipanuliwa kuwa njia nne, na sambamba nacho ikajengwa barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 inayolizunguka jiji kwa upande wa kusini. Kazi hizo zilikuwa sehemu ya mradi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa barabara ya Arusha, Holili, Taveta hadi Voi, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2016 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya, na barabara ya mchepuko ikazinduliwa rasmi na viongozi wa jumuiya Julai 2022.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba mkopeshaji au jumuiya ndiyo yenye barabara. Sivyo. Mkopo hulipwa na Serikali ya Tanzania, na ujenzi ukikamilika madaraja yote ya barabara hiyo huingia katika orodha ya TANROADS. Nguzo ikipata ufa leo, mwenye wajibu ni wakala huo, si benki iliyokopesha.

Kundi la pili: TARURA

Hadi katikati ya mwaka 2017, barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe. Halmashauri ya Jiji la Arusha ilikuwa na wahandisi wake wa ujenzi, na kadhalika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na ile ya Meru. Diwani aliyeona daraja limebomoka alikwenda kwa mhandisi wa halmashauri, na jambo likafika katika baraza.

Mwaka huo Serikali ilianzisha Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) chini ya Ofisi ya Rais inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wakala ulizinduliwa Dodoma Julai 2, 2017 na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Barabara zote za wilaya zilizokuwa za halmashauri zikahamia kwake, pamoja na wahandisi na bajeti. Mtandao wake kitaifa unazidi kilomita 144,000, yaani karibu mara nne ya ule wa TANROADS.

Hapa ndipo chanzo cha mkanganyiko mkubwa kwa wananchi. Barabara nyingi za ndani ya mitaa ya Sombetini, Muriet, Moshono na Olasiti zinahudumiwa na TARURA, si na ofisi ya mkurugenzi wa jiji. Hata barabara za lami zilizojengwa jijini kupitia Mradi wa Kuendeleza Miji Mkakati, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuanza mwaka 2010 wakati halmashauri ndiyo msimamizi, zimo katika mtandao huo. Mradi uliofuata wa Benki ya Dunia, unaojulikana kwa kifupi kama TACTIC, ambao Arusha ni miongoni mwa miji ya awamu ya kwanza, umetekelezwa kupitia TARURA.

Mabadiliko hayo yalikuwa na hoja yake. Kabla ya hapo, kila halmashauri ilipanga barabara kwa kadiri ya uwezo wake na kwa kadiri ya msukumo wa siasa zake, na wahandisi walikuwa wachache. Wakala mmoja ulitarajiwa kuweka kumbukumbu moja, vipimo sawa na usimamizi wa kitaalamu. Hata hivyo, malalamiko hayakukawia. Madiwani na wabunge wa maeneo mbalimbali nchini wamekuwa wakisema kwamba mwananchi bado humuuliza diwani kuhusu daraja, ilhali diwani hana tena mamlaka ya moja kwa moja juu ya mhandisi anayelisimamia.

Wapo na wenye madaraja wengine

Mbali na wakala hizo mbili, kuna wamiliki ambao mara nyingi husahaulika. Shirika la Reli Tanzania (TRC) ndilo lenye madaraja ya reli. Njia ya reli kutoka Tanga na Moshi ilifika Arusha mwaka 1929. Baada ya kusimama kwa miaka mingi, treni ya abiria ilirejea Oktoba 2020. Daraja la reli, hata kama watembea kwa miguu wamelifanya njia yao ya kila siku, si daraja la barabara, wala TARURA haina mamlaka ya kulitengeneza.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 na inayoukumbatia Mlima Meru, Ngurdoto na maziwa ya Momella, barabara za ndani na vivuko vyake vinatunzwa na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).

Juu, kando na chini ya daraja

Kama mwenye barabara ndiye mwenye daraja, basi maji yapitayo chini yake yana msimamizi mwingine kabisa. Mito yote ya upande wa kusini wa Meru hutiririkia Mto Kikuletwa, kisha Bwawa la Nyumba ya Mungu, na hatimaye Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kwa sababu hiyo, ipo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kubadili mkondo wa mto si jambo la mhandisi wa barabara peke yake.

Kingo za mto nazo zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 zinazoweza kuharibu mto au mazingira yake. Anayepita kando ya mito ya Arusha ataona jinsi katazo hilo linavyopuuzwa: nyumba, bustani na karakana zimesogea hadi ukingoni. Mto uliobanwa hupanda juu badala ya kutanuka, na daraja lililojengwa kwa kipimo cha miaka iliyopita huzidiwa.

Takataka ni suala la tatu. Kuzoa taka ni wajibu wa halmashauri ya jiji. Kusafisha mfereji wa barabara ni wajibu wa mwenye barabara. Taka isipozolewa mtaani, mvua ya kwanza huisomba hadi kwenye mfereji, na mfereji huifikisha kwenye kalavati. Wakati huo imeshahama kutoka mikono ya halmashauri na kuwa tatizo la TARURA au TANROADS. Kila ofisi inaweza kuonyesha kwamba sehemu yake ya kazi imeishia mahali fulani, ilhali maji hayatambui mipaka hiyo.

Kando ya daraja kuna eneo la hifadhi ya barabara. Kwa barabara za kitaifa, sheria ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ndiyo maana baadhi ya nyumba huchorwa alama ya X nyekundu na nyingine ya kijani. Nyekundu ni kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hana haki ya fidia. Ya kijani ni kwa yule ambaye hifadhi mpya ndiyo iliyomfuata, naye anastahili kulipwa eneo lake linapohitajika. Mabomba ya Mamlaka ya Majisafi ya Arusha (AUWSA), nguzo za TANESCO na nyaya za simu zinazopita katika hifadhi hiyo au kuning'inia kwenye daraja zinahitaji kibali cha mwenye barabara. Vilevile, mwenye huduma ndiye anayepaswa kurejesha hali ya barabara baada ya kuchimba.

Fedha zinatoka wapi

Mtu anayenunua lita moja ya petroli au dizeli Arusha tayari amechangia matengenezo ya madaraja. Tozo ya mafuta huingia katika Mfuko wa Barabara, ambao Bodi yake ilianzishwa kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 1998. Sheria iliweka kwamba angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko zitumike kwa matengenezo. Kwa miaka mingi mgawanyo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara za kitaifa na asilimia 30 kwa barabara za serikali za mitaa, mgawo ambao baadaye TARURA iliurithi.

Msomaji atakumbuka kwamba mtandao wa TARURA ni mkubwa karibu mara nne. Utetezi wa mgawo huo ni kwamba barabara kuu hubeba magari mengi na mazito zaidi, na daraja moja kubwa likikatika nchi mbili hutengana. Lakini kwa mkazi anayevuka korongo kila siku, hesabu hiyo ina maana moja: kivuko chake kinashindania sehemu ndogo ya mfuko na maelfu ya vivuko vingine. Mwaka 2021 Serikali ilikiri uzito wa hoja hiyo kwa kuongeza Sh100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini.

Njia nyingine ya kugharamia daraja ni kumtoza anayelivuka. Daraja la Nyerere la Kigamboni, Dar es Salaam, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016 baada ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kubeba asilimia 60 ya gharama na Serikali asilimia 40. Kwa kuwa fedha zilikuwa akiba za wanachama zilizopaswa kurudi, wenye magari walianza kulipa tozo. Jijini New York, Marekani, utaratibu huo ni wa zamani: Handaki la Holland, lililofunguliwa mwaka 1927, liko chini ya mamlaka ya bandari na wenye magari hulipia, ilhali Daraja la Brooklyn la mwaka 1883 ni la jiji na hupitwa bila malipo.

Kwa madaraja ya Arusha njia hiyo haifai. Tozo huwezekana pale penye daraja moja kubwa lisilo na njia mbadala na lenye magari mengi ya kulilipia. Kivuko cha korongo cha mita kumi, kinachotumiwa na wanafunzi, bodaboda na akina mama waendao sokoni, hakina wa kukilipia ila kodi. Unafuu umeonekana kwingine: TARURA imekuwa ikijenga madaraja ya upinde wa mawe katika mikoa kadhaa, Kigoma ikiwa ya mfano, kwa gharama ndogo kuliko ya zege lenye nondo. Eneo la Meru, lililozaliwa na volkano, halina shida ya mawe.

Matunzo nayo ni sehemu ya gharama. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Mizani kama ile ya Makuyuni huyakamata malori ya barabara kuu. Lakini lori la mchanga au kokoto linaloingia mtaani halipiti mizani yoyote, nalo huvuka makalavati ambayo hayakujengwa kwa uzito wake.

Pengo lilipo

Mfumo huu una mantiki yake kwa barabara iliyoandikwa. Tatizo ni njia ambayo haikuandikwa. Arusha imekua haraka kuliko ramani zake. Mashamba ya kahawa na mahindi ya pembezoni yamegeuka viwanja, na njia za mifugo zimegeuka barabara za daladala. Vivuko vingine vilijengwa na wananchi wenyewe kwa magogo, mawe na michango ya mtaa. Iwapo njia haimo katika orodha ya barabara za umma, hakuna mhandisi mwenye wajibu nayo, hakuna fungu lake katika bajeti, na ikisombwa na maji hakuna ofisi iliyopoteza mali.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza kwa wakazi wenye kivuko cha namna hiyo ni kukifanya kiandikwe, kabla hata ya kuomba zege. Maombi huanzia katika mkutano wa mtaa au kijiji, hupita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani na ofisi ya Meneja wa TARURA wa wilaya. Pale wakazi wanapotaka barabara ya wilaya ipandishwe hadhi kuwa ya mkoa, maombi hupitia Bodi ya Barabara ya Mkoa hadi kwa waziri mwenye dhamana ya barabara. Mwaka wa fedha huanza Julai, na mipango hukusanywa miezi mingi kabla yake. Ombi linalofika baada ya mafuriko ya Aprili huwa limechelewa kwa msimu huo.

Bodi ya Barabara ya Mkoa ndicho chombo ambacho wengi hawakijui, ilhali ndicho pekee kinachowakutanisha wahusika karibu wote. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na ndani yake huketi wabunge, wenyeviti wa halmashauri na Meya, pamoja na mameneja wa TANROADS na TARURA. Hapo ndipo mbunge au Meya anapoweza kuuliza kwa nini kalavati la barabara kuu linamwaga maji katika mtaa usio na mfereji, na mameneja wote wawili wakawa mezani kujibu. Swali hilo, hata hivyo, haliwezi kuulizwa kama halikufikishwa kwa mwakilishi likiwa na jina la barabara, mahali na tarehe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa madaraja ya Arusha, ufa wa kwanza mara nyingi hauko kwenye zege. Uko katika orodha ambayo kivuko hakikuandikwa, na katika mpaka kati ya ofisi inayozoa taka, ofisi inayosafisha mfereji na ofisi inayolinda mto. Masika hayasubiri ofisi hizo zikubaliane.